Mpiga Picha za Treni, Ahadi ni Deni!



Muhula uliopita, katika mkutano wa chama, nilisimama mbele nikaonyesha picha ya garimoshi la mizigo likivuka daraja refu katika milima ya nchi ya Guatemala. Nilikuwa nimejiandaa kuzungumza kwa dakika tano. Sikupata hata moja. Darasa zima liliangua kicheko. Mmoja akauliza kutoka nyuma, "Yaani mtu na akili zake anapanda ndege, anabeba kamera ya maelfu ya pesa, ati aende kupiga picha ya saruji ikipelekwa mjini?" Mwingine akadakia, "Na wewe msichana mzima unapendea nini magari ya mizigo?" Kabla sijawajibu, kengele ya kwenda nyumbani ililia, na nyote mnajua sisi wa shule ya kutwa hatuichezei kengele hiyo. Mwalimu mlezi wa chama akaniambia, "Enda ukaandike. Jarida halina kengele." Haya basi, nimeandika.

Maoni yangu ni mawili. Kwanza, anayepiga picha ya garimoshi la mizigo anafanya kazi ya maana, tena pengine ya maana kuliko yule anayepiga picha ya twiga. Pili, wengi wa wapiga picha hao ni wadaiwa, na deni lao hawajalilipa. Nitaeleza yote mawili. Naomba mnivumilie hadi mwisho, maana huko mwisho ndiko mtajua kwa nini jambo la Guatemala linaniwasha mimi wa hapa.

Picha yenyewe niliipata maktabani. Mwalimu wetu wa Jiografia alileta sanduku la majarida ya reli ya Kiingereza aliyopewa na mtu aliyekuwa akihama nyumba. Mengi yalikuwa yameliwa na mchwa. Moja lililosalimika lilikuwa na kurasa kadhaa za picha za reli ya Guatemala, na tangu siku hiyo nimelisoma hadi nimeyajua maneno yake kwa moyo. Mengine nimeyatafuta mwenyewe.

Kwa wale waliolala katika somo la ramani, Guatemala iko Amerika ya Kati, chini ya Meksiko. Upande mmoja ina Bahari ya Karibi, upande mwingine Bahari ya Pasifiki, na katikati imejaa milima na volkano. Mji mkuu wake, ambao pia unaitwa Guatemala, uko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Bandari ya Puerto Barrios iko huko chini katika Karibi. Kutoka bandarini hadi mji mkuu reli ilikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 300. Kwa sehemu kubwa inafuata bonde la mto Motagua, inapita Gualán na Zacapa, mahali pa joto kali, miiba na dungusi. Ikifika El Rancho bado iko mita 300 hivi tu juu ya bahari. Kutoka hapo mchezo unaisha. Reli inaanza kupanda, inajikunja kona baada ya kona, inaingia mahandaki, inavuka makorongo, na karibu na mji mkuu inapita juu ya daraja la Las Vacas, daraja la chuma lililosimama zaidi ya mita 60 kutoka chini ya bonde. Hilo ndilo daraja la picha yangu.

Reli yenyewe ni nyembamba. Nafasi kati ya chuma kimoja na kingine ni milimita 914, yaani futi tatu kamili. Reli yetu ya zamani hapa Kenya, ile ya kutoka Mombasa kupitia Nairobi na Nakuru, ni milimita 1,000. Nilichukua rula nikapima tofauti, nikaona ni milimita 86, karibu upana wa kiganja changu. Kwa hivyo mkiona treni yetu ya zamani ikipanda mlima kwa kujikokota, mmekwisha kuiona binamu ya ile ya Guatemala.

Sasa, kwa nini mtu apige picha ya garimoshi la mizigo na si la abiria? Treni ya abiria inakuonyesha watu wanakwenda wapi. Ya mizigo inakuonyesha nchi inakula nini, inajenga kwa nini na inauza nini. Katika reli ya Guatemala zilipita ndizi na kahawa zikiteremka kwenda melini, na katika miaka ya mwisho yakapita makontena, saruji na chuma cha kujengea. Mkimpa mwalimu wa Biashara picha ishirini za mabehewa hayo, za miaka mbalimbali, atawafundisha uchumi wa nchi ile bila kufungua kitabu.

Isitoshe, kazi yenyewe si ya mchezo kama mlivyodhani. Garimoshi la mizigo halikai kwa ratiba iliyobandikwa ukutani. Mpiga picha anaweza kungoja kutwa nzima juani, likatokea mara moja tu, na akikosa hapo amekosa. Tena kuna suala la jua. Katika nchi za joto kama Guatemala na kwetu, saa sita mchana jua huwa utosini, na magurudumu na sehemu yote ya chini ya injini hubaki giza tupu. Kwa hivyo mpiga picha hudamka alfajiri, au hungoja jioni, jua liwe mgongoni mwake nalo liiangaze injini usoni. Milima nayo inamsaidia. Garimoshi lenye mzigo likipanda mlima huenda polepole mno, na barabara kuu ya kwenda Atlantiki inafuata bonde lilelile la Motagua, basi mtu mwenye gari angeweza kulipiga picha hapa, akalipita, akalingojea kona ya mbele. Na ni kwenye kona ndipo garimoshi linapoonekana lote, kichwa hadi mkia. Mahali palipo tambarare unaona uso tu.

Mtasema, sawa, ni kazi, lakini ina faida gani? Hapo ndipo ninapowakumbusha methali yetu: mali bila daftari hupotea bila habari. Sikilizeni habari za reli hiyo.

Ilifika mji mkuu mwaka 1908, wakati wa Rais Manuel Estrada Cabrera. Aliyepewa mkataba wa kuimalizia, mwaka 1904, ni Mmarekani aliyeitwa Minor Keith, ambaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya ndizi ya United Fruit iliyoundwa mwaka 1899. Mwaka 1912 reli ikawa chini ya kampuni iliyoitwa International Railways of Central America. Ndizi, reli na bandari zote zikawa katika mikono inayojuana. Rais Jacobo Árbenz alipanga barabara ya kwenda Atlantiki ili reli ipate mshindani. Alipinduliwa mwaka 1954, lakini barabara ilijengwa hata hivyo, na malori yakaanza kuinyang'anya reli mizigo yake. Mwaka 1968 serikali iliichukua reli, ikaiita FEGUA. Mwaka 1996 magari yakasimama.

Mwaka uliofuata kampuni moja ya Marekani, Railroad Development Corporation, ilipata haki ya kuiendesha reli kwa miaka 50. Kabla haijaanza, kimbunga Mitch kikapiga Amerika ya Kati mwaka 1998. Hata hivyo mwaka 1999 treni za mizigo zilirudi, na kufikia Desemba zilikuwa zinafika tena Puerto Barrios. Watu wakashangilia. Lakini Agosti 2006 serikali ya Rais Óscar Berger ilitangaza kwamba mkataba wa kutumia injini na mabehewa ulikuwa na madhara kwa taifa. Wawili hao wakashikana mashati, na Septemba 2007 kampuni ikasimamisha magari. Kesi ilikwenda hadi kwa wasuluhishi wa kimataifa huko Washington, na mwaka 2012 Guatemala iliamriwa kuilipa kampuni zaidi ya dola milioni 11. Miaka 50 ya mkataba ikawa minane ya magari. Tangu hapo hakuna garimoshi la mizigo linalopanda milima ile. Wezi wa vyuma vikuukuu wamekwisha kung'oa sehemu nyingi za reli, na hata vipande vya madaraja.

Msicheke. Sisi pia tulikodisha reli yetu ya zamani mwaka 2006 kwa kampuni ya Rift Valley Railways kwa miaka 25, na mwaka 2017 mkataba ukavunjika.

Sasa niambieni: mtoto aliyezaliwa Zacapa baada ya mwaka 2007, ambaye leo ana miaka kama yangu, ataamini vipi kwamba treni zilipita nyuma ya nyumba yao? Babu yake atamwambia, naye atadhani ni hadithi za sungura na fisi. Ni picha tu itakayomaliza ubishi. Yule mtu mliyemcheka, aliyepanda ndege ili apige picha ya saruji, ndiye aliyeshika daftari.

Tena kuna jambo jingine linaloonyesha thamani ya picha za reli. Tarehe 4 Februari 1976 tetemeko kubwa la ardhi liliikumba Guatemala likaua watu wapatao 23,000. Ardhi ilipasuka kwa kufuata bonde la Motagua, palepale reli inapopita. Karibu na Gualán reli zilizokuwa zimenyooka zikapindwa kama nyoka, na picha zake zikapigwa. Shamba likisogea mita moja kando, nani atajua? Lakini reli ni mstari ulionyooka, ni kama rula iliyolazwa juu ya ardhi. Ikipinda, kila mtu anaona nchi imesogea wapi na kiasi gani. Picha ya chuma kilichopinda ikawa ushahidi wa wataalamu wa miamba. Sijui kama twiga anaweza kufanya hivyo.

Hapo nimemaliza kuwatetea wapiga picha. Sasa zamu yao ya kusutwa.

Katika jarida lile, chini ya kila picha kuna maneno. Yanakwambia namba ya injini, kwamba ni ya dizeli iliyotengenezwa na General Electric au ni ya mvuke iliyotengenezwa na Baldwin, magurudumu yake mangapi, mahali, na wakati mwingine hata saa. Katika picha moja kuna mwanamume amesimama kando ya injini ya mvuke. Ana kofia ya majani, mkono mmoja ameuweka kwenye chuma kama mtu anayemshika ng'ombe wake. Chini yake pameandikwa namba ya injini. Jina la yule mtu halipo. Nilitafuta ukurasa wa nyuma na wa mbele. Halipo!

Na si huyo peke yake. Mwanahistoria Frederick Douglass Opie ameandika kitabu kizima kuhusu wafanyakazi weusi waliokwenda pwani ya Karibi ya Guatemala kati ya mwaka 1882 na 1923, wengine kutoka kusini mwa Marekani, wengine kutoka visiwa kama Jamaika. Waliijenga reli ile katika joto na homa, wakafanya kazi mashambani na bandarini. Niliposoma habari zao nilishtuka, maana hakuna aliyewahi kuniambia kwamba watu wa rangi yangu walichimba njia ya treni huko Guatemala. Daraja lina jina. Mkandarasi ana jina. Waliobeba mataruma mabegani wanaitwa vibarua tu. Hata hapa kwetu ni hivyohivyo: zaidi ya Wahindi 30,000 waliletwa kujenga reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901, na karibu 2,500 kati yao walikufa, lakini vitabu vinawataja sana simba wa Tsavo.

Pana picha nyingine inayonisumbua zaidi. Wakati reli ya Guatemala ilipolala, watu wasio na mahali walijenga vibanda karibu kabisa na njia. Treni ziliporudi, zikawa zinapenya katikati ya mabati na kamba za nguo. Wenye jamaa zao Kibera wanajua ninachosema. Picha hiyo inaonyesha injini ikipita mlangoni mwa nyumba ya mtu, na watoto wawili wameegemea ukuta. Ni picha nzuri, siwezi kukataa. Lakini nilijiuliza, je, wale watoto waliulizwa? Mama yao alionyeshwa? Au umaskini wao umekuwa pambo la treni ya mtu mwingine, ya kuangaliwa akinywa chai kwake mbali?

Sasa nifike kwetu, kama nilivyoahidi. Babu yangu mzaa baba aliajiriwa na reli ya Afrika Mashariki mwaka 1968 akiwa kijana mbichi. Hakuwa dereva wala karani. Alikuwa katika genge la kutunza njia huko Timboroa, kule juu kwenye baridi, ambako reli ya kwenda Uganda inapita zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Kazi yao ilikuwa kubadilisha mataruma yaliyochakaa, kukaza vyuma, kushindilia kokoto, na kuitembea njia kila asubuhi wakitafuta ufa. Garimoshi lilipopita salama hakuna aliyewashukuru. Lilipoanguka waliitwa wao kwanza.

Siku moja mwaka 1974 alikuja mgeni mmoja Mzungu, kamera mbili shingoni. Alikuwa anangojea garimoshi la mizigo la mvuke, yale makubwa ya Garratt. Alingoja tangu asubuhi, akapigwa na baridi, genge likampa chai na kiazi. Garimoshi lilipofika likasimama, akawaomba wasimame mbele ya injini na masururu na makoleo yao. Walikuwa watu sita. Akapiga picha tatu. Kisha akatoa kijitabu, akaandika jina la babu na sanduku la posta la stesheni, akawaahidi kwamba kila mmoja atatumiwa picha yake.

Babu alianza kumwuliza karani wa stesheni kila wiki. Baadaye kila mwezi. Baadaye, anasema, karani akimwona tu kwa mbali anatikisa kichwa. Alistaafu, picha haijafika. Wale wenzake watano wote wametangulia mbele ya haki. Babu anakaribia miaka themanini, na hana picha hata moja inayomwonyesha kazini katika nguvu zake. Ana kitambulisho tu, ambacho ndani yake amekasirika.

Nilipomwona yule mwanamume wa kofia ya majani katika jarida la Guatemala, nilimwona babu. Huenda hata sasa babu yuko katika jarida fulani, katika maktaba fulani ya Ulaya, na chini yake pameandikwa namba ya injini na idadi ya magurudumu. Watu wanamwona wasiomjua. Wanaomjua hawajamwona.

Najua mtanipinga. Rafiki yangu mmoja, ambaye amenisaidia kunakili makala haya, ameniambia, "Lakini reli ni mahali pa wazi. Nani anakatazwa kuangalia? Na picha ni ya mwenye kamera, alinunua filamu kwa pesa zake." Ni kweli, filamu alinunua. Lakini chai alinunuliwa na nani? Saa nne za watu sita alizilipia wapi? Methali husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni alikuja, akapona yeye. Na hata kama hakuna sheria inayomshika, aliahidi kwa kinywa chake mwenyewe, na ahadi ni deni. Deni halifutwi kwa sababu anayedai ni mtu wa koleo.

Mwingine ataniambia kwamba zamani posta ilikuwa taabu, barua zilipotea. Nakubali, pengine ilipotea. Sitaki kumhukumu mtu ambaye hayupo. Lakini siku hizi kisingizio hicho kimekufa. Picha inafika Puerto Barrios kwa simu kabla chai haijapoa. Wale wote waliopiga picha za reli ya Guatemala hadi mwaka 2007, na wengi wao bado wako hai, wana uwezo wa kuzirudisha. Mji wa Guatemala una jumba la makumbusho ya reli katika stesheni ya zamani. Wapeleke nakala huko. Watafute wazee wa Zacapa na Gualán wawaonyeshe, waulize, "Huyu ni nani?" Namba za injini hazitapotea, zimekwisha kuandikwa mara mia. Majina ya watu ndiyo yanayokufa mzee mmojammoja.

Basi nina mapendekezo yangu, na sasa nasema nasi wenyewe, kwa sababu kila mmoja wetu mwenye simu nyumbani ni mpiga picha.

La kwanza, tukipiga picha ya kazi ya mtu, iwe treni, lori, mkokoteni au posho mill, tumwulize kwanza, na tuandike jina lake kabla ya namba ya chombo chake. La pili, tumpe nakala. Si ya kumwonyesha kwenye kioo cha simu halafu tunakwenda zetu. Nakala ya karatasi anayoweza kuitia katika fremu. La tatu, namwomba mhariri atenge ukurasa mmoja katika jarida la mwaka ujao kwa picha za wazee wetu wa reli, pamoja na majina yao kamili na kazi waliyofanya. Wako wengi katika vijiji vyetu. Tukingoja kumi mwaka mwingine tutawakuta kwenye programu za mazishi.

Lakini jameni, tahadhari! Mtu asije akasema mimi nilimtuma asimame katikati ya reli. Treni yenye mzigo haiwezi kusimama ghafla hata dereva afanyeje. Tena mali ya reli inalindwa, kwa hivyo tuombe ruhusa stesheni kwanza. Ukikatazwa, rudi nyumbani kwa amani.

Mimi nimekwisha kuanza. Likizo ya Desemba niliazima simu ya baba, nikaenda na babu hadi kwenye njia. Tuliomba ruhusa, tukapewa. Tulikaa kwenye ukingo wa mbali, tukangojea treni ya mizigo ya kwenda Malaba kwa saa tatu. Babu alikuwa amevaa koti lake la Jumapili na kubeba sururu yake ya zamani, ambayo mpini wake umebadilishwa mara mbili. Treni haikuja. Jua likaanza kutuacha, nikampiga picha hivyohivyo, reli nyuma yake. Kesho yake niliipeleka studio mjini, nikalipa shilingi hamsini, nikamletea.

Alivaa miwani. Aliitazama kwa muda mrefu, akaigeuza nyuma, akaona nimeandika jina lake, jina la genge lake na Timboroa, 1968. Akatabasamu. Kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, mimi nimejiona. Sasa gari liko wapi?"

Likizo ya Agosti tutarudi, na safari hii tutabeba chai.

Wenu mwanachama,
Msichana wa Magari ya Mizigo,
Kidato cha Tatu.